Stempu dukani Kasingirima

Tangu Januari 2019, sigara, mvinyo na pombe kali zinatakiwa kubeba stempu ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Ukiisoma kwa simu yenye programu ya Hakiki Stempu, utajua kama bidhaa ni halali. Zisizo halali huweza kuingia kwa magendo: Ziwa Tanganyika linagusa nchi nne, na doria haiwezi kukesha kila mwalo wa Kigoma, kuanzia Kagunga hadi Kalya. Lakini chupa iliyovushwa usiku kwa boti lazima iuzwe, na dukani Kasingirima, mjini Kigoma, ndipo itakaponaswa. Pombe bandia yenye methanoli hupofua, huua. Suala si kodi tu. Wenye simu janja si wote, basi muuza duka amhakikie mteja. Ndugu msikilizaji, stempu ikikataa kusomeka, usilipe.