Mtoto na Sindano



Katika Msangano, wilayani Momba, jasho la msimu wa ufuta hukabidhiwa sindano siku gunia linaposhonwa mdomo. Punje ya ufuta ni ndogo mno, haihitaji tundu kubwa ili ipotee. Mishono ikiachana, mzigo huvuja njiani, naye mwanachama hulipwa kwa kilo zilizofika mizanini, si kwa zile zilizotoka nyumbani. Haba na haba hujaza kibaba; haba na haba vilevile hukimaliza.

Hata hivyo, mtoto anapoomba sindano, jibu la kawaida ni, “Acha, utajichoma!” Basi mkono hukua bila kuzoezwa.

Mtoto wa miaka sita hivi, awe wa kiume au wa kike, aweza kuanza. Apewe kipande cha gunia kuukuu, sindano nene yenye ncha butu, na uzi wa rangi inayoonekana. Uzi usizidi urefu wa mkono wake, kwani uzi mrefu hujifunga. Kwanza ajifunze kutunga uzi na kupiga fundo. Kisha apige bandi katika mstari uliochorwa kwa mkaa. Baadaye ashone kifungo, na mwisho atie kiraka. Robo saa kwa siku yatosha. Sindano zihesabiwe kabla ya somo na baada yake, kama mtunza ghala ahesabuvyo magunia.

Mishono ya kwanza itapinda. Hapo ndipo wazazi wengi hukosea: mtoto akishalala, huifumua kazi yake na kuishona upya kwa siri. Asubuhi mtoto hukuta kazi nzuri isiyo yake. Afadhali aonyeshwe palipopinda, aifumue mwenyewe na kurudia. Kadhalika chama ambacho hesabu zake hunyooshwa na mkaguzi kila mwaka: vitabu vitapendeza, lakini katibu hatajua kuvitunza.

Kumfundisha mtoto, hata hivyo, si kumfanya kibarua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 huruhusu kazi nyepesi kuanzia umri wa miaka 14, tena isiyodhuru afya wala masomo. Mtoto anayezuiliwa asiende shule ili ashone magunia ya mavuno hafundishwi, anatumikishwa. Kamati isilifumbie macho jambo hilo ghalani.

Ndugu Wanachama, elimu na mafunzo ni msingi wa tano wa ushirika duniani. Haikusemwa kwamba elimu hiyo ingoje mkutano mkuu. Jioni, kazi za shamba zikiisha, kila nyumba ina kipande cha gunia na mtoto anayetaka kujaribu. Apewe sindano, naye mzazi aketi karibu, mikono yake ikiwa imetulia.