Leso ya Desdemona na Doti ya Kanga: Ishara za Mfarakano wa Ndoa Jukwaani



Katika mwambao wetu, tangu Pangani hadi Tanga na kupita Moa, ambako mambo ya chumbani husitiriwa kwa pazia na kwa staha, mume na mke waweza kukaa katika mfarakano muda mrefu pasina jirani kusikia neno, na hata hivyo jirani huyo huyo akaujua ugomvi wao kwa kanga aliyojitanda mke alipotoka kwenda sokoni. Kwa sababu hiyo naona kwamba mtunzi wa tamthilia anayewajaza wanandoa wake maneno ya kushutumiana huwa ameiacha silaha yake iliyo kali, nayo ni kitu kinachoonekana kwa macho.

Ithibati yangu naitoa katika Othello ya Shakespeare, mchezo ambao habari ya kwanza ya kuonyeshwa kwake ni ya tarehe 1 Novemba 1604, katika kasri ya Whitehall mjini London. Othello, jemadari wa Kimaghribi, amekwisha kutiwa shaka na Iago, ofisa wake, juu ya mkewe Desdemona, naye asema kichwa kinamuuma. Desdemona ataka kumfunga kwa leso aliyopewa na mumewe huyo, mume aikataa kwamba ni ndogo, leso yaanguka, nao watoka pasina hata mmoja wao kuinama. Mke hajui bado kwamba anatuhumiwa, lakini mtazamaji ameshaiona huruma ikitolewa na huruma ikikataliwa.

Anayeiokota ni Emilia, mhudumu wa Desdemona na mke wa Iago, na hapa ndipo ninapostaajabia ustadi wa mtunzi kuliko mahali pengine popote. Kwani Emilia haichukui kwa tamaa ya mali, bali kwa kutaka walau kumridhisha mume aliyemsihi mara nyingi ampatie leso ile, naye mume huipokonya kisha humwamuru aondoke. Basi kitambaa kimoja chafichua nyumba mbili, moja inayobomolewa kwa fitina na moja iliyokwisha kubomoka zamani, na wake wote wawili watauawa na waume zao.

Tena itazameni hadithi ya leso yenyewe. Othello anapomkabili mkewe husema kwamba mama yake alipewa na mwanamke wa Misri mwenye uganga, na kwamba ikipotea mapenzi hukatika. Lakini baada ya kuua, husema ilikuwa zawadi ya baba yake kwa mama yake. Sidhani kuwa mtunzi alisahau. Mume aliyetaka kutisha aliipa leso sihiri, na mume aliyetaka kujitetea aliifanya amana ya ndoa.

Nasi hatuna upungufu wa vitu vya namna hii. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, alipotoa Alikiona mwaka 1970, mchezo wa mke asiye mwaminifu, alijenga juu ya vichekesho vilivyochezwa baina ya nyimbo za taarabu. Kama yeye alivyojenga juu ya kilicho chetu, nasi tujenge juu ya kanga. Kanga ina pindo, mji na jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, nayo huuzwa kwa doti, vipande viwili pamoja. Mtunzi wa Tanga na atukatie doti hiyo jukwaani: kipande kimoja kimebaki sandukuni mwa mke, na cha pili twakiona mabegani mwa mwanamke mwingine aliyekuja harusini, huku mume akishughulika na wageni. Ikiwa doti hiyo ni ya kisutu, aliyovishwa mke siku ya harusi yake, jeraha litazidi, kama Desdemona alivyotandikiwa shuka za harusi usiku wa kufa kwake.

Nisilolikubali kabisa ni ile desturi ya mhusika kusimama akawasomea watazamaji jina la kanga na kulifafanua. Mama wa Ngamiani, mjini Tanga, aliyekaa safu ya nyuma amekwisha kulisoma, amemtazama mume, amemtazama mke, na kumfasiria ni kumnyang'anya kazi aliyoijia ukumbini.