Upanga wa Kale Usio wa Kale: Maneno kwa Wanunuzi wa Murukulazo

Mmetutaka tuzungumze juu ya panga zinazouzwa kwa bei kubwa kama vitu vya kale, ambazo baadaye mnunuzi hugundua kuwa zilifuliwa juzi. Hatukuja kulaumu. Aliyetoa fedha za msimu mzima wa kahawa kwa kitu cha namna hiyo ameumia vya kutosha, na aibu ndiyo inayomnyamazisha hadi muuzaji amekwisha kuvuka mpaka wa Rusumo au Kabanga.

Hadithi za wauzaji hufanana. Upanga umetoka katika boma la Wajerumani la Biharamulo. Au ni sehemu ya hazina ya Rumanyika wa Karagwe, ile aliyoiona Stanley mwaka 1876. Zina nguvu kwa sababu nusu yake ni kweli: boma lipo, na hazina ilikuwapo. Lakini kuwapo kwa boma hakuthibitishi upanga.

Chuma nacho husema. Upanga wa bandia huweza kufuliwa kutokana na springi ya gari, ukachongwa kwa mashine ya umeme, kisha ukatiwa chumvi au asidi na kufukiwa ili ushike kutu. Kutu ya haraka huwa ya rangi ya machungwa, hutoka kwa kidole na huenea sawasawa. Ya miaka mingi ni nyeusi zaidi, nayo imekula chuma kwa vishimo visivyolingana. Tazameni mpini pia: uchakavu uwe pale mkono unaposhika. Alama ya Ulaya peke yake si ushahidi wa uongo, kwani panga nyingi za pwani na Oman zilitiwa mipini juu ya mabapa yaliyoletwa kutoka Solingen, Ujerumani.

Akishagundua, mnunuzi afanye nini? Kufua upanga mpya si kosa. Fundi ana haki ya kazi yake. Kosa limo katika maneno yaliyouuza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Basi shauri zima husimama juu ya kuthibitisha kilichosemwa. Risiti yenye maneno "upanga mmoja" haisaidii sana. Yenye maneno "upanga wa kale, kabla ya mwaka 1900" ina uzito wa namna nyingine kabisa. Asiye na risiti ahifadhi ujumbe wa simu, kumbukumbu za malipo na majina ya waliokuwapo.

Wala asichelewe. Anayekaa na kitu muda mrefu bila kukikataa huhesabiwa amekipokea, na anayekipiga msasa au kukibadilisha mpini hujiweka katika hatari hiyo hiyo. Hapo haki ya kukirudisha hupotea, ikabaki ya kudai fidia tu. Mwandikieni muuzaji, tajeni kasoro, daini fedha, mbaki na nakala. Akikataa, Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Udanganyifu wa makusudi ni wa polisi.

Maoni ya mtaalamu wa Makumbusho ya Taifa yataimarisha madai. Huenda pia akasema upanga ni wa kweli! Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kitu kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1863 ni mabaki ya kale, na hakitolewi nchini bila kibali. Kwa hiyo muuzaji anayenong'ona kwamba upanga una miaka mia mbili na uvushwe usiku anawauzia hasara akiwa mwongo, na kesi akiwa mkweli.

Wapo wanaoona njia nyepesi ni kumwuzia mwingine hadithi ile ile. Anayefanya hivyo hali akijua ameshika nafasi ya aliyemdanganya, na sheria itamtazama hivyo. Anayeamua kubaki na upanga wake aufungie kibandiko chenye tarehe ya kununua, bei aliyolipa na maneno "kazi mpya", ili watoto wake wasije wakauuza kwa hadithi ya boma.