Kazi ya rubani ugenini: tupime faida na hasara kabla ya kuuza shamba

Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama, hapa Luofu. Tunayaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu.

Aksanti kwa kuacha shamba siku ya leo. Tunajua ni wakati wa kupalilia.

Komite ilituomba sisi ba animateri tuseme juu ya jambo moja lililoleta maneno mengi katika vikao vya MUSO. Familia moja ya hapa iko na kijana aliyepata Diploma ya Serikali, sehemu ya hesabu na fizikia, na alama nzuri. Kijana anataka kuwa piloti wa ndege. Mtu mmoja kule Kampala alimwambia hivi: utasoma mwaka mmoja na nusu, kiisha utaenda moja kwa moja katika inchi za Ghuba, utapewa nyumba na mshahara mkubwa wa dola. Familia inataka kuuza shamba lao la mlimani, na inaomba MUSO iongeze kile kitakachopunguka.

Sasa, makuta ya MUSO ni ya nani? Ni akiba yetu ya kila juma, pamoja na msaada wa wafadhili. Yalipangwa kwa mbegu, bati na mbuzi za watu waliorudi bila kitu. Ndiyo maana kila mmoja hapa ana neno lake. Kuna wanaosema "mutoto akiendesha ndege, sisi wote tumepona." Kuna wanaosema ni kutupa makuta hewani. Hatukuja kumvunja kijana moyo, na hatukuja kumsukuma. Tulikuja tupime pamoja.

Yale mazuri

Tuanze na mazuri, juu yapo kweli. Mashirika makubwa ya ndege ya Ghuba hayana raia wa kutosha kwa viti vyote vya marubani, kwa hiyo yanaajiri watu kutoka karibu kila inchi. Mkataba wa rubani mgeni mara nyingi unakuja na nyumba au makuta ya nyumba, matibabu, karo ya watoto, na tiketi ya kwenda likizo kila mwaka. Katika Falme za Kiarabu mshahara haukatwi kodi ya mapato. Mtu mwenye nidhamu anaweza kuweka akiba katika miaka michache kuliko familia ya hapa katika maisha mazima ya maharagi na muhogo. Pia anafanya kazi na ndege mpya, na mafunzo hayasimami. Sheria za kimataifa zinamruhusu rubani wa abiria kufanya kazi hadi miaka 65, akiruka pamoja na mwenzake.

Halafu kuna neno lililosemwa na mama mmoja katika kikao kilichopita. Tulilibeba hadi nyumbani. Alisema: "Hili shamba mnalolilia, tumeliacha mara ngapi? Aprili 2009 nyumba ziliungua. Juni 2024 vita ilipofika Kanyabayonga, tulikimbia tena kuelekea Lubero na Butembo, maharagi yakabaki yakioza. Shamba halikimbii na mwenyewe. Lakini kile mutoto anacho katika kichwa, nani atakichoma?"

Ndugu, hilo ni neno la kweli, na mtu yeyote aliyelala katika darasa la shule kule Butembo analielewa. Sisi wenyewe tulisomeshwa na wazazi walioamini hivyo hivyo. Kwa hiyo hatutalijibu kwa kusema tu "shamba ni mali ya mababu." Tutalijibu kwa kuangalia ile leseni yenyewe: inakaa kweli katika mfuko wa mtu?

Leseni nayo inapaliliwa

Leseni ya rubani si kama Diploma ya Serikali, ambayo ukishaipata ni yako hadi kaburini. Kila mwaka, na kwa wengine kila miezi sita, daktari aliyekubaliwa na serikali anapima macho, moyo, masikio. Akikuta tatizo kubwa, kazi inasimama siku hiyo. Rubani wa shirika anarudishwa mara kwa mara ndani ya mashine ya mazoezi ili apimwe upya. Kama hajarusha na kutua angalau mara tatu katika siku 90, haruhusiwi kubeba abiria hadi afanye mazoezi tena. Kiingereza chake kinapimwa, na asiyefika daraja la nne la kimataifa hawezi kuruka nje ya inchi yake. Na akihama inchi, leseni ya inchi moja haikubaliwi hivi hivi katika inchi ingine. Kuna mitihani na makuta ya kuibadilisha.

Kwa hiyo, mama yetu mpenzi, leseni nayo ni shamba. Usipopalilia miezi michache, majani yanaota. Na jembe la kupalilia ni ghali: ni ndege yenyewe, na ndege ni ya mwajiri.

Hapo ndipo hasara ya kwanza ya kazi ya ugenini inapoanza. Katika inchi nyingi za Ghuba, ruhusa ya kukaa inafungwa na mkataba wa kazi. Ukipoteza kazi, unapoteza nyumba, shule ya watoto na ruhusa ya kukaa, vyote kwa pamoja, na siku za kufunga mizigo zinahesabiwa. Unaweza kukaa miaka ishirini na bado ukabaki mgeni. Katika Falme za Kiarabu hakuna sendika ya wafanyakazi ya kukutetea. Kwa kawaida mgeni hapewi pansio ya uzee ya kila mwezi, anapewa kitita cha mwisho na kwaheri.

Mtasema hayo ni ya kuogopesha tu. Basi tukumbuke mwaka 2020. Sisi hapa tulikuwa tunamaliza Ebola, iliyotangazwa kwisha tarehe 25 Juni ya mwaka huo, na tayari Korona ilikuwa imefunga mipaka. Dunia nzima ndege zililala chini. Emirates, shirika ambalo vijana wengi wanaliota, iliachisha marubani kwa mamia. Inchini China, wageni wengi waliokuwa wanalipwa vizuri kabisa walijikuta katika likizo bila mshahara. Hata kabla ya Korona, Aprili 2019, Jet Airways ya India ilisimama kuruka, na watu wake wakabaki wakidai mishahara ya miezi. Wote hao walikuwa na leseni nzuri. Wale waliokuwa na mahali pa kurudi walirudi wakangoja. Wale waliokuwa wameuza kila kitu waliteseka zaidi.

Hasara ingine ni ya nyumbani. Rubani mgeni hapa kwetu si mtu tusiyemjua. Miaka ya vita, ndege za Antonov zilizobeba mizigo katika Kivu ziliendeshwa mara nyingi na watu wa Urusi na Ukraine. Ndege ndogo za MAF na zile za UNHAS, ambazo wengi tuliziona kule Mavivi wakati wa Ebola, nazo ziko na marubani kutoka mbali. Tuliona miwani na shati nyeupe. Mkataba hatukuuona, wala mke aliyebaki na watoto upande mwingine wa dunia. Kuna mikataba ya majuma kadhaa kazini na majuma machache nyumbani. Kuna matanga ambayo mtu hatafika. Ninyi mnajua uchungu wa kusikia kifo kwa simu, mliujua wakati wa ukimbizi.

Kati ya saa 200 na kiti cha Ghuba

Sasa tufike kwa yule mtu wa Kampala. Hapa tunasema bila kuzunguka: ahadi yake haisimami.

Kijana akimaliza shule, anapata leseni ya biashara akiwa na saa 200 hivi za kuruka, au 150 kama shule imekubaliwa kwa mpango maalum. Leseni ya juu, ile ya kapiteni wa shirika kubwa, inadai saa 1,500. Mashirika yanayoajiri wageni kwa mikataba mizuri yanatafuta watu ambao tayari wamerusha ndege kubwa kwa maelfu ya saa. Kati ya saa 200 na kiti hicho kuna bonde refu, na mtu wa Kampala hakulitaja.

Katika bonde hilo vijana wanatafuta saa. Wengine wanapata ndege ndogo za mizigo na abiria katika Kenya, Sudani Kusini, au hapa kwetu. Ni kazi ya heshima, lakini viwanja ni vya udongo, mvua ni nyingi, na mashirika mengine hayafuati sheria. Hatujasahau tarehe 24 Novemba 2019, ndege ndogo iliyotoka Goma kuelekea Beni ilipoanguka juu ya nyumba za watu na kuua zaidi ya watu ishirini. Wengine hawapati kazi kabisa. Na kuna mahali ambapo rubani kijana analipa yeye mwenyewe ili aruhusiwe kukaa katika kiti cha pili.

Tena, mashirika yote ya ndege yaliyopewa kibali na Kongo yako katika orodha ya kukatazwa ya Ulaya tangu 2006. Hiyo si hukumu juu ya akili za marubani wetu, ni juu ya usimamizi. Lakini mtu anayetaka kufanya kazi nje apime vizuri ni leseni ya inchi gani atakayotafuta.

Na deni? Shule ya urubani inakula makumi ya maelfu ya dola. Ikifika zamu ya kujifunza aina moja ya ndege kubwa, mashirika mengine yanalipia, lakini yanakufunga kwa miaka: ukitoka mapema, unarudisha. Hivyo kijana anaweza kuwa na deni la familia upande mmoja na deni la mwajiri upande mwingine.

Yale tunayopendekeza

Tulikaa na komite, tukasikiliza pia familia na kijana mwenyewe. Haya ndiyo tunayoweka mbele yenu.

Kwanza, shamba lisiuzwe. Mama alisema kweli kwamba shamba halikimbii na mtu. Lakini kila mara tuliporudi, tulirudi mahali gani? Ni lile shamba lililotungoja, hata likiwa pori. Rubani wa Ghuba ambaye mkataba wake umekatika naye ni mrudi kama sisi. Akute mahali pa kuweka mguu.

Pili, MUSO isilipe shule nzima. Haiwezi, na makuta ya bati za wajane si ya kubahatisha. Lakini tunaomba MUSO imkopeshe kijana kiasi kidogo kwa hatua ya kwanza tu: kupimwa na daktari wa marubani, na kujifunza Kiingereza. Kama macho au moyo haviruhusu, tutakuwa tumejua kwa makuta machache, mbele ya kumaliza mengi. Na Kiingereza hakitapotea, hata akiishia kufanya biashara kule Kasindi.

Tatu, kama amepita, aende kuuliza yeye mwenyewe katika shule zinazojulikana, bila mtu wa katikati. Kule Soroti, Uganda, kuna shule ya urubani ya tangu 1971, wakati wa Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki. Inchi yetu iliingia Jumuiya ya sasa mwaka 2022, basi aulize kama hiyo inabadilisha karo na masharti. Addis Ababa nako shirika la Ethiopia liko na chuo chake. Aulize pia juu ya ufundi wa kutengeneza ndege. Fundi naye anatafutwa nje, na masomo yake kwa kawaida hayali makuta sawa na yale ya rubani.

Inne, siku mkataba wa ugenini utakapokuja, iwe mwaka gani, aulete usomwe mbele ya saini. Tuulize mambo manne: ruhusa ya kukaa iko mikononi mwa nani? Nikitoka mapema nadaiwa kiasi gani? Nikiugua, nani ananilisha? Na tiketi ya mwisho ya kurudi nyumbani, nani anailipa? Maswali hayo yanafaa pia kwa mabinti zetu wanaoitwa kwenda kazi za nyumbani kule Omani, na kwa yeyote anayeahidiwa dola mbali.

Kijana alituuliza: "Na kama ninyi mungekuwa mimi?" Tulimjibu kwamba tungejaribu, lakini kwa hatua, na bila kuwafukuza wazazi wetu katika shamba lao. Alinyamaza, kiisha akasema Kiingereza anaweza kuanza juma lijalo. Baba yake hakufurahi. Anaona tunachelewesha baraka. Tunamheshimu, na amekubali kwamba kikao ndicho kitakachoamua.

Kwa wafadhili wanaosoma: mkopo huu, ukikubaliwa, utatoka katika akiba ya wanachama, haitatoka katika makuta ya mbegu na bati.

Wanachama watapiga kura katika kikao kijacho cha MUSO. Kila familia ije na mtu mmoja, na kitabu chake cha akiba. Mwenye neno la kupinga alilete pale mbele ya wote, asiliache njiani.

Mungu alinde njia zenu za kurudi nyumbani.