Kabla Hujaifungua Friji Mwenyewe

Maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wafanyabiashara wadogo mjini Kitale

Nimeombwa nizungumze juu ya kujitengenezea vyombo vya stima nyumbani. Mimi si fundi, nilisomea uandishi wa habari, kwa hivyo nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mamangu huuza maziwa na soda karibu na Chwele, kule Bungoma. Likizo moja nilikuta friji yake imejaa barafu hata mlango wa friza haufungiki. Badala ya kuizima na kungoja, nilichukua kisu nikaanza kubandua. Nikasikia "sss". Nilikuwa nimetoboa bomba la gesi.

Kibandiko cha nyuma kilisema R600a. Hiyo ni gesi inayoshika moto upesi, na jiko la makaa lilikuwa linawaka hatua chache kutoka hapo. Tulitoka nje mbio.

Nilidhani ni kazi ya kuziba tundu na kujaza gesi. Fundi alinieleza vingine. Bomba lile ni la alumini, jembamba, na kulichomelea si rahisi. Kabla ya kujaza, hewa na unyevu wote lazima vinyonywe kwa pampu. Gesi yenyewe hupimwa kwa mizani, gramu kwa gramu. Bei aliyotaja ilikaribia ya friji ya mtumba. Mama hakuwa nayo, wala mimi, na maziwa yakakoma kuuzwa.

Vyombo vingi vya siku hizi havikuundwa vifunguliwe. Skrubu ni za umbo ambalo bisibisi ya nyumbani haishiki, kifuniko kimegandishwa kwa gundi, mchoro wa ndani haupatikani. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengeneza mwaka 2024. Sisi tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayowapa wazalishaji wajibu juu ya bidhaa zao hadi zinapokuwa taka. Lakini spea ya pasi yako bado utaipata jua kali, ndani ya pasi iliyokufa.

Maikrowevu msifungue kabisa. Hata ikishachomolewa, kapasita yake inaweza kubaki na zaidi ya volti 2,000. Stima ya ukutani ni 240.

Fyuzi ya plagi mnaweza kubadilisha. Chomoa kwanza, kisha weka ya kiwango kilekile: kwa kawaida 3 kwa taa na redio, 13 kwa pasi na birika. Msifunge waya wala karatasi ya sigara mahali pake (najua hufanywa, hata kwetu). Raba ya mlango wa friji osheni kwa maji ya sabuni. Barafu ikizidi, zima friji usiku, acha mlango wazi, weka beseni chini.

Ile ya mama bado ipo. Anawekea unga wa mahindi, panya wasiufikie.