Naye Anabalehe, Naye Anapenda
Wazazi na walezi wa Songea, kijana mwenye ulemavu wa akili naye hubalehe, hupenda, hutamani mwenza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inalinda utu wake, kwa hiyo tusimfiche mambo haya. Mfundisheni kwa maneno mafupi, mkirudia. Anapooga, tajeni kila kiungo kwa jina lake. Binti aonyeshwe namna ya kuweka pedi. Kijana azoee kusema "Sitaki!", hata kwa ndugu, na mwenzake akikataa, aache. Akibakwa, asioge kwanza: afikishwe hospitali mapema, kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kuzuia VVU. Toeni taarifa Dawati la Jinsia na Watoto, polisi. Kwa mtoto, pigeni 116, bure. Akisema ameumizwa, mwaminini.