Uzamili wa Maendeleo ya Vijana: Tasnifu Ianzie Kwenye Kata



Nimekuja na hoja moja: mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika maendeleo ya vijana na uongozi apimwe kwa kazi aliyoifanya pamoja na vijana, si kwa wingi wa hojaji alizowajazisha.

Utaratibu wa sasa tunaujua. Mwanafunzi humaliza masomo ya darasani, hupata kibali, hushuka wilayani, hugawa hojaji, kisha hurudi chuoni kuandika. Vijana waliomjibu hawamwoni tena.

Tuchukue mfano wa mikopo ya halmashauri hapa Tanzania. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha ili kupanga upya namna ya kuitoa, ikarejeshwa 2024. Sheria ya fedha hiyo ipo. Mtu wa kukaa na kikundi kilichokopa baada ya mkopo kutoka ndiye adimu, maana afisa maendeleo ya jamii wa kata anabeba makundi yote peke yake.

Fungua daftari la mhazini wa kikundi cha vijana. Safu zimepigwa kwa rula: jina, hisa, marejesho, faini. Mara nyingi mwandiko ni mmoja tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na mwenye mwandiko huo ndiye aliyetunga katiba ya kikundi, ndiye aliyeandika andiko la mradi, ndiye anayekwenda benki. Siku akipata ajira mjini, kikundi kinasimama. Hakuna aliyeiba, ni kwamba waliobaki hawajawahi kuandika hata mstari mmoja. Kwangu mimi uongozi wa vijana unapimwa hapo: ni wangapi wanaoweza kulishika daftari? Hojaji ya siku moja haiwezi kuliona hilo. Anayeliona ni mtu aliyehudhuria vikao mwaka mzima, akashuhudia mwenyekiti na mhazini wakigombana, akawasuluhisha.

Kusoma huku ukifanya kazi si jambo geni Afrika. Programu ya Vijana ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa 1973, ilikuwa na kituo cha Afrika mjini Lusaka, na stashahada yake ilisomwa kwa masafa na watu waliokuwa tayari wanafanya kazi na vijana. Tuuchukue msingi huo, tuupandishe hadi uzamili.

Kuna pia suala la umri. Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul 2006, unamtaja kijana kuwa mwenye miaka 15 hadi 35. Binti wa miaka 16 aliyeacha shule na baba wa miaka 34 mwenye watoto watatu hawawezi kuhudumiwa kwa somo moja. Mtaala uwatenganishe.

Naiomba semina hii ipendekeze kwa vyuo vyetu kwamba kila mwanafunzi wa uzamili huu aambatane na kikundi kimoja katika kata moja kwa miezi 12, afisa wa kata awe miongoni mwa wasimamizi wake, na tasnifu isomwe kwanza mbele ya kikundi hicho, kwa Kiswahili, kabla haijafika kwa watahini.